Mkono Wangu wa Kulia

Jumanne, 4 Machi

Mwanangu kapiga simu asubuhi, analia na kucheka kwa pamoja. Igizo la baba yake linarudi jukwaani! Lile la wafua nguo, nyimbo na dansi mwanzo mwisho. Miaka thelathini na minane limelala. Daftari la dansi ameshawapelekea, mwandiko wa baba yake mwenyewe, kila hatua imo. Eti niende mazoezini nikakae mbele, mjane wa mtunzi.

Nikasema haya mama, nitakwenda. Nikachemsha maji ya vikombe viwili, tena. Miaka miwili tangu mzee wangu atangulie, na mkono huu haujajifunza kupima.

Humu ndani hakuna wa kumwambia, basi nakwambia wewe karatasi: nyimbo ni zake. Dansi ni zangu. Zote.

Alhamisi, 6 Machi

Ukumbi wa mazoezi. Kioo ukuta mzima, utepe sakafuni kuonyesha ngazi zitakapokaa, vijana wamevaa soksi. Anayepanga dansi ni binti mrefu, mwembamba — nimembatiza Mwiko. Kanishika mikono yote miwili. Bibi, babu alikuwa fundi kweli! Nikasema alikuwa fundi wa nyimbo. Hakusikia, kinanda kimeshaanza.

Wakacheza dansi ya mashuka. Wanawake wanane wanakunja, wanarusha, wanapokezana. Mwishoni wanambwagia bosi vikapu na kupanda ngazi, kazi basi! Lakini hawa — wamekimbilia ukutani! Ngazi ziko mgongoni kwao. Wakagongana, wakageuka, watu wakacheka. Mwiko anasema ndivyo daftari linavyotaka, bila shaka babu alikusudia kuchekesha hapo.

Kuchekesha! Mama yangu kawafulia watu mashuka mpaka vidole vikapinda. Dansi ile nilimtungia yeye.

Nimerudi nyumbani. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeelewa, nikiwa nafagia. Mzee wangu alikaa, daftari gotini, mimi nimesimama mbele yake nacheza. Aliandika alichokiona. Mkono wangu wa kulia ulikuwa upande wake wa kushoto — basi kaandika kushoto. Daftari zima liko kinyume! Siku zile halikumdhuru mtu, maana hakuna aliyelisoma. Niliwafundisha kwa miguu yangu. Wachezaji walidhani nawafikishia tu kazi ya bwana.

Nikisema geuzeni, wataniuliza kwa nini limeandikwa hivyo.

Bangoni lilikwenda jina lake peke yake. Na mimi ndiye niliyesema! Shule niliiona kwa nje, nikipita njia. Hata kusoma nimejifunza uzeeni, kwa maneno ya nyimbo zake. Nikamwambia weka lako, langu la nini. Akasema igizo lijalo tutaweka yote mawili. Yakaja maigizo manne. Hakuwa mtu mbaya. Alisahau, na mimi nikajifanya nimesahau.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu kaja. Nusu saa, mkoba begani muda wote. Anaandika maneno ya kijitabu cha watazamaji, kinakwenda kupigwa chapa Jumanne jioni.

"Mama, baba alikuwa anazijaribu dansi hapa hapa nyumbani?"

"Baba yako? Baba yako alikuwa hawezi kuvuka chumba bila kujikwaa kwenye zulia!"

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kadhani utani. Kisha akasema akiziona dansi zile anahisi kama baba hajafa.

Nikamfungia mkate aondoke nao.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshindwa. Walipokimbilia ule ukuta tena nikainuka: Geuzeni! Kila kulia iwe kushoto, kila kushoto iwe kulia!

Wakageuza. Vikapu chini. Ngazi. Wote wanane wakapanda bila kuangalia nyuma, na hakuna aliyecheka. Mpiga kinanda alisahau kuendelea.

Mwiko kafungua daftari. Kaniangalia. "Bibi, hebu simama hapa. Inua mkono wa kulia." Nikainua. Akatazama daftari, akatazama mkono. Binti huyu si wa kudanganyika.

"Babu alikuwa amekaa, anaandika. Nani alikuwa anacheza?"

Nikaomba maji. Akaniletea. Akangoja. Nikamwambia mjukuu wangu, hilo kuna mtu lazima alisikie kabla yako. Akanipa karatasi. Andika majina ya kijitabuni wewe mwenyewe, Bibi, kesho saa kumi napita kuichukua.

Jumanne, 11 Machi

Saa nane na nusu mchana. Nimeandika Nyimbo, na jina lake lote, sikukosea herufi hata moja. Nimeandika Dansi. Nukta mbili. Nimeishia hapo.

Mwanangu nimemwita aje saa tisa. Mama, unaumwa? Siumwi, njoo. Tangu alfajiri nayajaribu maneno, nayaambia masufuria. Hayafai. Yote yanamfanya baba yake mwizi, na hakuwa mwizi!

Kwa hiyo nimesukuma meza ukutani. Shuka nimelitoa kitandani. Goti la kushoto linalia, nimelikanda mafuta. Akiniona nacheza atajua — au atasema mama kashachanganyikiwa, anihurumie, na hiyo ndiyo itakayoniua. Viatu nimevua.

Mlango unagongwa. Mapema hivi! Mwanangu huyu tangu azaliwe hajafika mahali kwa wakati —