Gari la Mke Wangu Limepanda, Halitaki Kushuka

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini kwanza umjue unayemsaidia, mimi ni bingwa wa magari, nimemaliza ujana wangu kwenye gereji kubwa na hakuna gari, liwe la tajiri au la mkopo, ambalo halikupita mikononi mwangu. Haya, nisikudanganye, mke wangu husoma ukurasa wako huku anashona na atacheka mpaka ajichome sindano. Nilikuwa mfungua geti. Ndivyo yalivyopita mikononi mwangu, mkono wa kushoto nafungua, wa kulia napiga saluti. Lakini anayekaa mlangoni pa jikoni hujua chumvi ikizidi, si ndiyo?

Basi, Shangazi, nakuita hivyo kwa kuwa wasomaji wote wanakuita hivyo, ingawa kwa hesabu ya meno yaliyobaki mimi ndiye wa kupewa shikamoo, shida yangu ni hii. Binti yangu ni fundi wa magari, fundi kweli, si kama mimi, yuko mji mwingine kwenye gereji ya watu na amechoka kumtajirisha mwenzake, anataka kurudi nyumbani aanze kazi yake mwenyewe katika gereji yetu hapa uani, mle tunamoweka gari la mama yake, ngazi, na godoro ambalo hakuna anayekubali kulitupa. Ametanguliza lifti. Si ile ya maghorofani, ni lifti ya gari, ya kubebeka, fremu mbili za chuma ndefu nyembamba kama vitanda vya watu wasionenepa, unasukuma moja chini ya gari upande huu na nyingine upande ule, mipira ya mafuta inaziunganisha na pampu ya umeme, unabonyeza kitufe na gari zima linanyanyuka juu ya magoti, fundi analala chini yake bila kukwaruza pua. Kazi ikiisha unaziegemeza ukutani.

Akanipigia simu. "Baba, lifti usiiguse mpaka nije."

"Nikaguse chuma cha nini na mgongo huu?"

"Baba, nakujua. Ulifungua redio ya mama, ukaifunga, skrubu zikabaki nje. Hii si redio. Nikija nikakuta umeigusa nitapanga mahali pengine, si kwa hasira, ila siwezi kufanya kazi roho ikiwa juu, nawaza baba yangu yuko chini ya gari."

Nikaapa. Niliapa kwa jina la marehemu mama mkwe, ambaye hakunipenda hata kidogo, kwa hiyo nilijua hatanifuatilia.

Na ningetimiza, Shangazi, kama si kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alichungulia akasema, "Mzee Geti, mmeanza kuuza vitanda?" Nikamwambia hii ni lifti. Akasema, "Hii? Hii haiwezi kunyanyua hata kuku anayetaga." Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usijibu.

Kulikuwa na kijitabu cha maelezo, nikafuata picha, fremu nikazisukuma chini ya gari la mke wangu na vipande vya mpira juu yake, maandishi sikuyagusa, mimi na shule tuliachana mapema na kwa amani. Nikabonyeza. Likapanda! Likapanda huku vyuma vinasema ka, ka, ka, na kinyozi mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno. Alipokwisha kulizunguka na kuaibika vya kutosha nikabonyeza kitufe cha chini. Pampu ikanguruma, gari likashuka unene wa kidole, likagoma. Nikabonyeza tena, ngurumo ile ile, gari pale pale. Nikalibembeleza, nikalitukana, nikalitukana na kiwanda chake. Kinyozi akakumbuka kwamba amemwacha mteja amenyolewa upande mmoja, akatoka mbio.

Mke wangu ni mshonaji wa mapazia na gari hilo ndilo linalopeleka mapazia kwa wateja. Nilimwambia nachuja mafuta ya gia, hayataki haraka. Akanitazama juu ya miwani. "Mzee, mimi nikitaka kutundika kitu natundika pazia. Shusha gari langu." Sasa anasukuma mzigo kwenye toroli, na watu wakimwuliza gari liko wapi anajibu, "Liko juu. Mwenye akili ya kulishusha ndiye anatafutwa."

Binti anakuja mwisho wa wiki. Kinyozi amerudi na ushauri wake: niingie chini na nyundo, nigonge palipokwama, litashuka lenyewe. Mimi nina wazo bora zaidi: nimwambie binti kwamba walioleta mzigo walilipandisha gari ili kujaribu mtambo, wakauharibu, wakaondoka. Hapo nabaki msafi kama sahani ya mgeni. Ila nikikaa nawaza, atagombana nao, atarudisha lifti, na lifti ikirudi ilikotoka na yeye habanduki aliko. Nikisema kweli, pia harudi, maana alishaniambia. Shangazi, nyumba hii imekuwa kimya mpaka mimi na mama yake tunagombea kumsema paka. Namtaka mwanangu nyumbani. Niingie na nyundo au niingie na uongo?

Mzee Geti (yule bingwa wa hapo juu)

JIBU

Shikamoo, Mzee Geti. Umeipata, sasa kaa nikuseme. Jibu hili nilikutumia kwa simu siku ile ile barua yako iliponifikia, kwa kuwa gari lililoning'inia halingoji gazeti lichapwe. Nalitoa hapa kwa faida ya vichwa vingine kama chako, navyo ni vingi.

Nyundo mpe mkeo aifiche. Gari hilo limeshikiliwa na kitu usichokijua, na kitu hicho ndicho kilichokuacha hai mpaka ukaweza kuniandikia. Unataka kukigonga, na wewe uko chini yake? Unapokea ushauri wa kutambaa chini ya gari kutoka kwa mtu aliyekimbia akiwa amesimama pembeni tu! Asiingie mtu humo, si wewe, si kinyozi, wala huyo paka mnayemsema. Chomoa pampu kwenye umeme, funga mlango, ufunguo mpe mkeo. Sikusema uweke mfukoni. Nimesema mpe mkeo.

Tuje kwenye uongo wako. Nimecheka, nakiri, halafu nikarudia kusoma maneno ya binti yako, jambo ambalo wewe hukulifanya. Hakusema anahofia chuma chake. Alisema hawezi kufanya kazi roho ikiwa juu. Lifti inauzwa dukani, mzee, baba hauzwi. Anakuogopea wewe. Ukimdanganya, kila siku atakayokuwa kazini humo ataacha kutazama gari na kugeuka kutazama umefanya nini tena. Na atajua tu, kwa sababu fundi akilitazama gari dakika moja linamtajia aliyeligusa. Halafu hao wapakuaji maskini wamekukosea nini?

Unasema akisikia ukweli harudi. Umejuaje? Ukweli hujawahi kumjaribu nao, umemjaribu kwa kiapo cha mama mkwe tu.

Kwa hiyo mpigie leo. Usianze na historia, usianze na kinyozi, na habari za geti ziache getini. Sema: "Nimegusa. Nimekwama. Niambie la kufanya." Kisha nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo patakapokushinda, kwa hiyo mkeo akae karibu. Akifoka, mwache afoke. Mtoto anayefoka bado yuko kwenye simu. Akisema usiguse mpaka afike, safari hii usiguse. Mkeo naye mwombe radhi kwa mdomo, na toroli lisukume wewe.

Nikupe na ahadi ili upate nguvu. Gari langu linalia upande wa mbele kila nikikata kona, kama mbuzi anayeitwa. Ukipiga simu hiyo, binti yako akifungua gereji mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza. Usipopiga, nitalipeleka kwa kinyozi.

MZEE GETI ANAJIBU

Shangazi, nilipiga. Nilianza na historia kidogo, samahani, mama yake akanikanyaga mguu. Ndipo nikayasema yale maneno yako yote kwa mpangilio wake.

"Baba, uko wapi sasa hivi?"

"Kwenye kiti."

"Mama yuko wapi?"

"Ananikanyaga."

"Uliingia chini ya gari?"

"Sikuingia."

Nikasikia anashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Halafu akafoka. Alifoka, Shangazi! Nikaweka simu mezani tukamsikiliza wote wawili kama taarifa ya habari. Sauti yake ilijaa mpaka jikoni. Mama yake alikuwa anatabasamu, na mimi, usimwambie mtu, nilitamani aendelee.

Hakungoja mwisho wa wiki. Alifika kesho yake, na hakunisalimu mimi kwanza, alilisalimu gari. Akalizunguka, akachuchumaa, akakagua vile vipande vya mpira nilivyoweka kati ya fremu na bodi, akasema, "Hivi umeviweka pazuri." Nikajifanya sijasikia ili aseme tena. Hakusema tena.

Ndipo akanionyesha. Ile ka, ka, ka ilikuwa ya makomeo ya usalama, yanajifunga yenyewe gari likipanda ili lisimwangukie mtu. Gari lilikuwa limekalia makomeo, na mimi kila nikibonyeza chini nalikalisha zaidi. Unatakiwa ulipandishe kwanza kidogo, makomeo yapate nafasi, uyalaze, ndipo ulishushe.

"Yaani ili lishuke, lazima lipande?"

"Lipande kwanza, Baba."

Nikaikumbuka nyundo ya kinyozi, na mahali alipotaka nigonge, nikaomba kiti.

Gari likashuka taratibu kama mtu mwenye heshima zake. Mke wangu alitupia mapazia nyuma, akawasha, akaondoka, na kona ya kwanza alipiga honi ndefu ambayo najua ilikuwa yangu.

Binti amebaki. Mizigo yake imefika na godoro tumelitupa, mimi ndiye niliyelishika upande wa kichwani. Amechora mstari wa rangi nyekundu sakafuni, ndani ya mstari siingii mpaka niitwe. Kazi yangu ni kusimama kwenye mstari, kuangalia kwamba hakuna mtu wala paka chini ya gari, kisha kupaza sauti, "Kweupe!" Ndipo anabonyeza. Nikinyamaza, habonyezi, hata mteja akinuna. Kwa hiyo Shangazi, sasa hivi hakuna gari lisilopita mikononi mwangu, na safari hii unaweza kumwuliza mke wangu.

Sasa tuje kwenye ahadi yako. Simu niliipiga, na wewe uliyeahidi kuwa mteja wa kwanza sijakuona, wengine wamekutangulia. Lete huyo mbuzi wako. Ila ukifika usiingie moja kwa moja, nifanyie hili dogo: simama mbele ya duka la kinyozi, piga honi, umwulize kwa sauti, "Samahani, gereji ya binti wa Mzee Geti ni ipi?" Anaijua vizuri. Mwulize mara mbili, mashine ya kunyolea ikiwa inanguruma huwa hasikii.