Nguzo Chini ya Jiko la Bi Wattier

Jumatatu, 15 Oktoba 2018

Nguzo imetoka. Hatimaye!

Shemeji yangu Régis kaja asubuhi na msumeno wa mawe. Tumekata, tumegonga, tumebeba. Vumbi mpaka kwenye meno. Sasa pango la chini ya mkahawa limekuwa ukumbi – unasimama kwenye ngazi unaona mpaka ukuta wa mwisho. Meza ndefu itakaa palepale ilipokuwa nguzo. Wageni wa tarehe kumi na moja Novemba watakula humo. Miaka mia tangu Vita vya Kwanza vya Dunia viishe, watakuja wengi. Mji wetu wa Laon haupati wengi kila siku. Tangu kile kitreni cha kupanda mlima kifungwe, watu wanaishia stesheni kule bondeni, wanapiga picha minara ya kanisa kuu kwa mbali, wanaondoka.

Kitu kimoja. Jiwe la mwisho lilipotoka kulikuwa na mlio. Si wa kuvunjika. Kama mtu aliyebana pumzi halafu akaiachia. Régis kausikia pia. Akacheka: Shem, mlima huu umebeba kanisa kuu na maksai wake wote wa mawe kule minarani, utashindwa na jiko la bibi?

Maana nguzo haikuwa chini ya mkahawa wangu. Mapango ya mji wa juu hayajui mipaka. Wachimba mawe wa zamani walifuata jiwe zuri, hawakufuata viwanja. Pango langu linapita chini ya kichochoro, linaingia chini ya nyumba ya jirani, Bi Wattier. Nguzo ilikuwa chini ya jiko lake. Kibali sikuomba. Ningeomba ningekataliwa.

Jioni bibi kaniuliza kelele zile za nini. Nikasema bomba.

"Bomba lako linapiga chafya, Landry," akasema. "Lipeleke hospitali."

Jumatano, 24 Oktoba

Kuna ufa darini mwa pango. Mwembamba, kama unywele. Unaanzia pale pale nguzo ilipokuwa, unakwenda upande wa bibi.

Labda ulikuwepo. Labda ile nguzo ilikuwa inauficha.

Nimefanya alivyokuwa anafanya marehemu baba mkwe. Yeye alikuwa fundi mwashi, nusu ya mapango ya huku juu aliyajua kwa kupapasa. Akiona ufa alikuwa anaukandika plasta, donge bapa kama biskuti, anaandika tarehe juu yake kwa msumari. Mafundi wanaliita shahidi. Plasta haivutiki. Mwamba ukisogea hata kidogo, shahidi anakatika. Hakuna cha kubishana.

Nimekandika. Nimeandika tarehe. Mke wangu Odile sijamwambia. Anadhani nguzo ilikuwa ya kwetu na Régis alishapima kila kitu.

Jumapili, 28 Oktoba

Leo nimefanya jambo baya kuliko kukata nguzo.

Bi Wattier kaja baada ya misa. Mlango wa jiko lake haufungi tena. Unagonga sakafuni. "Nyumba inazeeka kama mimi," kasema, "inashuka magoti." Mumewe alishakufa, watoto wako mbali. Akiharibikiwa na kitu anakuja kwangu, miaka yote.

Nikaenda na randa. Nikauona mlango. Haukuwa umevimba kwa unyevu. Fremu imelala upande. Mtu yeyote mwenye macho angeona.

Nikaung'oa mlango, nikaulaza juu ya meza, nikaupiga randa chini kwa mshazari. Ukafunga vizuri. Bibi akaufungua, akaufunga, akaufungua, anafurahi kama mtoto. Akanipa pai ya vitunguu vya liki nipeleke nyumbani, bado ya moto.

"Wewe una mikono ya mkwe wako," akaniambia.

Nimekula pai. Ndiyo, nimekula.

Alhamisi, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Maua kwenye makaburi, upepo unayaangusha, watu wanayasimamisha.

Nimekwenda kuungama kwa Padri Evrard. Sijaungama tangu harusi. Nilitaka kuanza na mengine madogo madogo, nikashindwa, nikasema yote kwa mkupuo: nguzo, ufa, bomba, mlango. Nikasikia anajikuna kidevu.

Akaniuliza bibi anajua? Nikasema hapana. Akasema yeye hawezi kumwambia mtu, hata nikimwomba. Midomo yake imefungwa. Ila mimi yangu haijafungwa.

"Hata Mungu akikusamehe leo hii, Landry, yule mama bado anapika juu ya shimo."

Nikamwambia nitasema baada ya tarehe kumi na moja. Wageni wakishaondoka tu.

"Mimi si wa kupatana naye bei," akasema.

Nimetoka sijapewa maondoleo, hata sala ya malipizi. Nje nimetazama juu. Maksai wale wanachungulia kutoka minarani, shingo nje, wanatazama chini. Tangu utoto nawaona. Leo nimewaona wakitazama kichochoro chetu. Upumbavu. Wanatazama kila mahali.

Jumapili, 11 Novemba

Pango limejaa! Watu hadi kwenye ngazi. Supu, jibini, mvinyo. Mzee mmoja wa kutoka mbali kamlilia babu yake aliyekufa vitani kule kwenye ukingo wa kusini. Odile kawapa kile kisa chetu cha askofu: wenyeji walivyoasi, askofu akakimbilia pangoni, akajificha ndani ya pipa, wakamvuta nje kwa nywele. Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Mgeni mmoja akauliza pipa lenyewe lipo? Odile akanionyesha mimi: "Mwulizeni huyu, ndiye anayeishi humo siku hizi!"

Wakacheka zaidi. Na mimi nikacheka.

Saa tano kamili kengele za kanisa kuu. Zote kwa pamoja. Unazisikia mpaka kwenye mbavu. Ndipo vumbi likashuka. Kidogo, jeupe, kama unga kwenye chekeche. Likaingia kwenye supu ya mama mmoja. Akatazama juu, akatania: "Chumvi ya Laon!"

Wakati watu wameinuka kwa kimya cha heshima, mimi nilikuwa natazama dari. Shahidi amekatika. Vipande viwili. Kucha yangu inaingia katikati.

Walipoondoka nimebandua vipande. Nimekanda plasta mpya. Na tarehe – nimeandika ya zamani. Ile ile ya Oktoba.

Nani nilikuwa namdanganya? Hakuna mwingine anayeshuka kule. Mkono wangu uliandika wenyewe.

Jumanne, 20 Novemba

Mvua. Mvua. Mvua. Ukungu umefunika tambarare yote, mashamba ya bitiruti hayaonekani, mji wa juu umebaki kisiwa. Jiwe letu likilowa linakuwa laini kama jibini, baba mkwe alikuwa anasema hivyo.

Shahidi wa pili naye kakatika.

Nimeagiza jeki za chuma za kuegemeza dari. Lori halipandi. Waandamanaji wa vizibao vya njano wamefunga kipilefti cha bondeni, wamewasha matairi, wanapitisha wamtakaye. Nimeshuka mwenyewe kuwasihi. Wamenipokea vizuri, wamenipa kahawa. Dereva wa lori alikuwa ameshageuza.

Nimempigia Régis. Nimesema tumwambie bibi, twende manispaa, tuseme. Akawaka.

"Tuseme nini? Wewe una mkahawa, una jina. Mimi nina mikono tu. Nani atamwajiri fundi aliyebomoa mji?"

"Régis, ni Bi Wattier yule. Alikushonea kanzu ya komunyo."

"Najua alichonishonea!"

Akakata. Baadaye akapiga tena, sauti ya chini. Kasema mlima haukuanguka kwa mabomu, hautaanguka kwa ajili yetu. Kasema ngoja mvua iishe, jiwe likauke, jeki zije. Kasema marehemu baba angejua cha kufanya.

Nikamwambia baba yako asingeikata nguzo ile.

Akakata simu tena.

Jumatatu, 3 Desemba

Ufa umefika ukutani upande wa bibi. Sikandi tena plasta. Sina haja ya kuambiwa.

Nimefunga pango. Odile kauliza kwa nini. Nimesema unyevu. Kanitazama sana.

"Wewe unaongea na nani huko chini, Landry? Nakusikia kwenye ngazi."

Nimesema naimba.

"Hujawahi kuimba."

Nimekwenda kwa bibi mara mbili leo nikiwa na maneno tayari mdomoni. Ya kwanza alikuwa analoweka maharage, yale meupe makubwa ya Soissons, akanipa kisu nimsaidie vitunguu. Nikasaidia. Ya pili alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Nikasimama tu pale. Nilikuwa nahesabu anavyopumua. Nikatoka kwa ncha za vidole.

Alhamisi, 6 Desemba

Naandika nimekaa kwenye ngazi za kanisa kuu, mbele. Daftari lilikuwa kwenye koti. Mikono haina kazi nyingine.

Nianze asubuhi.

Asubuhi nimempigia Régis. Nimesema: leo namwambia, ukitaka usitake. Hatimaye kasema sawa. Ila nimpe muda, msumeno wake bado uko kule chini, na jina lake limechorwa kwenye mpini, na sururu za baba yake. Atakuja kuvitoa kabla sijafungua mdomo. Ufunguo anaujua ulipo. Nikasema njoo mapema basi. Mimi sishuki tena kule.

Saa nne nikaona gari lake limesimama uwanjani. Saa tano nikachungulia tena, halipo. Nikajua kamaliza.

Nikaenda kwa Bi Wattier. Leo Mtakatifu Nikola, alikuwa ameweka machungwa mezani na mkate wa asali, kama anavyowawekea watoto wa kichochoro kila mwaka. Mlango ule nilioupiga randa umekwama tena, nimeusukuma kwa bega. Mtikisiko ule ukaangusha chungwa.

Likabingirika. Si polepole – likaenda moja kwa moja, likapita chini ya kiti, likagonga ukuta wa jiko la moto. Bibi akalitazama. Akachukua lingine, akalishusha sakafuni mwenyewe, akaliachia. Likafuata njia ile ile.

"Zamani yakianguka yalikuwa yanakwenda upande wa dirisha," akasema.

Nikakaa chini sakafuni. Sijui kwa nini sakafuni. Nikasema yote. Nguzo yako nimeikata mimi. Bomba lilikuwa uongo. Mlango nilijua. Nimejua tangu Oktoba.

Alikuwa anavuta pumzi kwa pua. Nikangoja matusi. Nilikuwa nayataka.

"Ile pai," akasema, "uliila?"

"Niliila, Bi Wattier."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa. "Maksai wale waliyavuta mawe ya kanisa kuyapandisha mlima mzima. Mabubu wale, wanyama. Nyie mmeenda shule mnayatoa chini." Halafu akasema nimpe mkono, asimame, na nisiguse kitu kingine chochote cha nyumba yake maisha yangu yote.

Nikapiga simu zimamoto nikiwa nimemshika. Wakasema tokeni sasa hivi, msichukue kitu. Bibi akachukua machungwa. Akayatia kwenye aproni, akatoka na slipa. Kichochoroni sakafu ya mawe ilikuwa na mstari ambao jana haukuwepo.

Odile nimemtoa kwenye mkahawa na wateja wake. Nimemwambia palepale, mbele yao. Kavua aproni, kaikunja vizuri sana, kaiweka mkononi mwangu.

Zimamoto wamefika, wamezungusha utepe. Kapteni wao, mwanamke, sauti kavu, kanishika bega: "Bwana Hennequin, kuna mtu yeyote chini? Fikiri kabla hujanijibu."

Nikafikiri. Nikasema hapana. Hakuna mtu. Naapa.

Nilijisikia mwepesi! Lazima niliandike hilo, maana ni kweli. Tangu Oktoba ndiyo mara ya kwanza nimemjibu mtu sawasawa, macho kwa macho. Kapteni akawaita vijana wake waliokuwa wameanza kushuka ngazi za pango. Wakarudi nyuma ya utepe. Akasema hatumpeleki mtu kule kwa ajili ya mawe.

Hapo ndipo nilipokaa hapa. Bi Wattier yuko pembeni yangu na blanketi la zimamoto, anagawa machungwa kwa watoto. Kanipa na mimi moja bila kunitazama. Sijalimenya.

Sasa hivi Odile kaja. Kasimama juu yangu.

"Régis yuko wapi?"

Nimesema kaondoka zamani. Gari lake halipo tangu saa tano.

"Gari nililisogeza mimi," kasema. "Funguo zilikuwa ndani. Lilikuwa limemzuia mtu wa mikate. Nililipeleka ubavuni mwa kanisa."

Nimetazama. Kutoka hapa linaonekana pua yake tu, nyeupe, kwenye kona. Odile katoka kulichungulia. Hakuna msumeno ndani. Hakuna sururu.

Odile anapiga simu ya Régis. Haiingii. Pangoni simu haziingii, kila mtu hapa anajua.

Kengele za saa nane zinaanza. Kapteni yuko pale, hatua chache, ananipa mgongo. Vumbi jeupe linatoka mdomoni mwa kichochoro, polepole, kama pumzi.

Nilimwambia hakuna mtu. Niliapa. Na aliniamini. Régis yuko chini.