Kinanda cha Vitufe Vinane

3 Machi

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ofisi ndiyo inanila taratibu.

Dada kaniambia karakana yako ya redio utamwachia mume wake. Shemeji! Mtu wa kusoma maelezo mara mbili ndipo aweke betri kwenye rimoti! Baba, mimi ndiye ninayeitaka hiyo kazi. Nimenunua pasi ya kulehemu, najifunza kwa kuunda kinanda kidogo cha vitufe vinane. Kikilia nitakutumia, ndipo uamue.

Mwanao, kitindamimba

11 Machi

Marahaba. Mgongo hauulizwi, unabebwa tu. Mama yako anakusalimu.

Kinanda! Miaka thelathini na sita ya ufundi nije nimpime mtu kwa kidude cha kunyamazishia watoto? Haya, kilete nicheke. Najua utakavyofanya: utayeyusha lehemu kwenye ncha ya pasi, kisha uipakaze kama siagi kwenye mkate. Kiungo, pale waya unaposhikana na bati, kinapashwa kwanza, mama, lehemu inafuata. Asiyeweza hilo akashone vifungo.

Baba yako

29 Machi

Shikamoo Baba. Natumaini hamjambo wote.

Ni kweli, nilipakaza siagi. Madonge ya kijivu matupu, noti tatu zikagoma kabisa. Nikafyonza lehemu yote, nikaanza upya, kiungo kwanza. Sasa noti zote nane zinalia, na jirani keshagonga ukuta mara mbili. Kinanda hiki hapa kwenye kifurushi.

Mwanao

20 Aprili

Marahaba. Sisi wazima.

Nimekifungua nikacheka mpaka mama yako akaniletea maji. Kazi ya ovyo! Nikavirudia viungo vitatu vya kwenye chipu, uone mkono wa fundi. Baada ya hapo hakikutoa hata mlio. Ndiyo ujue ulikigandisha kwa mate. Nakurudishia. Shemeji yako anaanza mwezi wa saba, na maneno yamekwisha.

Baba yako

2 Mei

Shikamoo Baba. Habari siulizi, nina hasira.

Viungo vyangu vizima. Vile vitatu vyako ndivyo vibovu: lehemu imevuka kutoka mguu mmoja wa chipu hadi wa pili, donge kubwa kama punje ya mchele. Mwanafunzi wa siku ya kwanza angeliona. Nimelikwangua, kinanda kinalia.

Wewe usingeliacha donge lile hata kwa kunikomoa. Baba, tangu lini huoni? Mama sijamwambia.

Mwanao

19 Juni

Marahaba. Mama yako mzima.

Barua yako imekaa mfukoni wiki sita nikikutukana kila siku. Tangu mwaka juzi. Kila ninachokitazama kina doa katikati, naona pembeni tu; hata barua zako nazisoma kwa pembe ya jicho, neno moja moja. Daktari kasema halitoki. Redio nne za watu nimeziua kwa mkono wangu, nikasingizia umeme. Shemeji yako nilimchagua kwa kuwa ni mjinga, angekaa nami mwaka mzima asigundue. Wewe nilijua utanigundua, nami sikutaka.

Usijione lakini. Kiungo chako cha spika kina lehemu ya kutosha kuziba sufuria, nimekipapasa kwa kidole.

Njoo Jumamosi. Mama yako nitamwambia mwenyewe. Ukinionea huruma mbele ya wateja nitakufukuza. Benchi ni lako. Mimi nitakaa kwenye stuli ya wateja, na ukikosea nitasikia.

Baba yako