Njia ya Msoma Mita

Tarehe 4 Februari

Kwako wifi yangu Kiroboto,

Hujambo? Habari za kazi, na huo mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ingawa huo uzima wenyewe una maneno yake, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia.

Juzi nilikwenda kliniki kwa sababu nilishindwa kutia uzi kwenye sindano. Nilidhani ni miwani. Daktari ni binti mdogo, anaongea taratibu kama anayembembeleza mtoto. Akanipima damu, akasema sukari imepanda na imeanza kugusa macho. "Mama, tembea kila siku, na chakula upunguze. Ukiendelea hivi, cherehani utaiacha." Unajua mimi bila cherehani ni nani.

Akaniuliza ninakula nini. Yeye nilimwonea aibu, ila wewe nitakwambia. Tangu kaka yako atutoke bado napika sufuria ileile. Mkono haujajua kwamba nimebaki peke yangu. Napakua sahani mbili, yake naifunika, kama alivyozoea kuikuta akirudi kutoka kusoma mita za maji za watu. Jioni ikifika siwezi kukimwaga chakula chake. Nakila. Kwa hiyo wifi yako amekula vya watu wawili mwaka mzima, na gauni la msibani sasa halifungi.

Kutembea nako nimejaribu. Nilivaa raba, nikatoka. Kufika kona, muuza mkaa akaniuliza, "Mama, safari ya wapi?" Ningemwambiaje? Mtu mzima anatembea tu, haendi popote! Nikasema naenda dukani, na kwa kuwa nimeshasema, ikabidi niende. Nikarudi na mkate na soda. Mazoezi yangu ndiyo hayo.

Ungekuwa karibu ungenicheka mpaka ukae chini. Natamani ungekuwa karibu.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Tarehe 20 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo, kwa kuwa umenizidi umri na sasa umenizidi na kiuno. Mimi naendelea, mgongo unauma siku za mashuka mazito tu.

Barua yako niliisoma huku kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nimekaa juu ya rundo la taulo. Nilicheka kwenye mkate na soda. Nilipofika kwenye sahani iliyofunikwa nikalia mpaka msimamizi akauliza kama nimeungua na pasi. Nikamwambia ndiyo.

Wifi, mimi sikumzika kaka. Ruhusa ilitoka mkiwa mmeshatoka makaburini. Wewe una sahani ya kuifunika, mimi hata sahani sina. Nina sauti yake tu, akiniita Kiroboto kwa sababu nilikuwa situlii mahali. Angeniona sasa miguu imevimba, napanda lifti kwa ghorofa moja, angesema kiroboto ameshiba damu za watu.

Sasa nisikilize. Shida yako siyo miguu, shida yako huna pa kwenda. Kaka alikuwa na pa kwenda kila siku ya Mungu. Si unaijua njia yake? Si ndiyo alikuwa akituhadithia kila akikaa: mitaa ya sokoni, halafu nyuma ya shule, mpaka juu kwenye tangi la maji? Ipite. Mtu akikuuliza unakwenda wapi, mwambie unapita njia ya mume wako, tuone kama atakuwa na neno.

Na ukiambiwa lolote juu yake, geti lolote lile, niandikie. Usiache hata dogo.

Wifi yako mdogo,
Kiroboto


Tarehe 11 Aprili

Wifi Kiroboto,

Pokea salamu za mwanamke mwenye malengelenge. Natumaini u mzima, na wenzako wa mashuka nao. Samahani kwa kuchelewa, nilitaka kwanza nipate la kukwambia. Sasa sijui nianze na lipi.

Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akirudi, "Leo mbwa wamenimaliza," anajitupa kwenye kiti, na mimi mbio kumchemshia maji ya miguu? Basi nilifika kwenye geti la kijani, nimejiandaa kukimbia. Akatoka mbwa mmoja mzee, hana meno. Akaninusa viatu, akalala. Mwenye nyumba akasema, "Huyu alikuwa rafiki wa bwana mita. Lazima akunwe tumbo kwanza ndipo mita isomwe." Miaka yote ile, wifi! Nilicheka njiani peke yangu, watu wakanipisha.

Nyuma ya shule anaishi mwalimu mstaafu, bibi mmoja mkali, hana mtu. Bomba lake lilikuwa linavuja, kaka yako akalifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kila mwezi alikuwa akilikagua kabla ya kusoma mita. Nililiangalia. Kipande bado kipo, na fundo ni lake, lile la kuzungusha mara mbili. Nikaomba maji ya kunywa nipate kugeuka upande mwingine. Sasa kila wiki napita hapo. Ananipa chai isiyo na sukari, nikikunja uso ananisema kama mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini la kinyozi wa kule sokoni ndilo lililonikalisha chini. Anasema kila mchana alimkaribisha chakula, na kila mchana kaka yako alikataa. "Nimewekewa nyumbani. Nikishiba huku, mke wangu ataona."

Nilirudi polepole siku ile. Ile sahani niliyokuwa naifunika, yeye alikuwa akiitunzia njaa kutwa nzima. Haikuwa ya kumalizwa na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mimi. Asubuhi nikaenda kununua sufuria ndogo. Muuzaji akaniuliza, "Ya mtoto kuchezea?" Nikamwambia, "Ya mtu mzima anayejifunza kula." Wali wa kwanza ulikuwa kama umepikiwa kuku. Nikajaza mboga za majani pembeni mpaka sahani ikapata heshima kidogo. Sahani yake nimeiosha na kuiweka kabatini. Nililia, lakini niliiosha.

Kumebaki mitaa ya juu, kuelekea tangi. Naenda taratibu, na siyo kwa sababu ya magoti. Sitaki iishe.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Tarehe 15 Julai

Wifi,

Salamu sana. Hali yangu nzuri, yako ndiyo siijui.

Niliandika Mei, kimya. Nikaandika Juni, kimya. Barua yako ya mbwa na kinyozi imechakaa kwenye mikunjo kwa kusomwa. Nimewasomea mpaka wenzangu wa pasi, sasa nao wanauliza, "Bwana mita kasema nini tena?"

Na mimi nimeanza. Wakati wa mapumziko ya mchana nazunguka ukuta wa hoteli. Siku ya kwanza mlinzi alinitazama nikipita, nikipita tena, mwisho akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?" Nilitaka kusema kaka yangu. Nikasema hereni. Akainuka tukaitafuta wote.

Niambie ukweli. Unaumwa? Ni macho? Au nyumba zimeisha?

Wifi yako mdogo,
Kiroboto


Tarehe 2 Agosti

Kwako Kiroboto,

Habari za siku nyingi. Nisamehe. Siumwi kitandani, na barua zako zote tatu nilizipata.

Umeuliza vizuri. Nyumba ziliisha.

Ya mwisho iko chini ya tangi. Nilibisha hodi, akatoka kijana na mswaki mdomoni. "Bwana mita? Mama, sisi tumehamia juzi tu." Nikamshukuru. Nikakaa kwenye jiwe pale nje, naangalia mabati ya mji wote, nikingoja labda atapita mtu mwingine anayemjua. Hakupita.

Niliporudi, raba nikazisukuma chini ya kitanda. Ilikuwa kama nimefiwa naye mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kunipa pole. Mkate ukarudi, sukari ikarudi, nilikuwa najua kabisa ninachofanya. Nikashona mkono wa gauni la bibi harusi ndani nje, nikaona ukungu tu. Na wewe sikukuandikia kwa sababu sikuwa na neno lake la kukutumia. Kuna siku nilianza kukutungia. Niliandika kwamba fundi redio alimkuta akiimba. Kaka yako, aimbe! Nikaichana.

Sasa, mwezi uliopita nikiwa kwenye cherehani akaingia yule mwalimu, anahema, kashika mlango. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Umenitembeza," akasema. "Kafa nani tena?"

"Hakuna, mwalimu."

"Mbona huji?"

Nikamweleza kwamba njia imekwisha, hakuna jipya la kusikia. Akanitazama kama aliyesahihisha daftari baya.

"Mume wako alikuwa anakuja kwangu mara moja kwa mwezi, anasoma mita, anakwenda zake. Aliyekuwa anakaa ni wewe. Mimi nakusubiri wewe."

Wifi, tangu msiba hakuna aliyekuwa amenisubiri mimi. Nilitoa raba, nikamrudisha kwake. Tulipumzika kila kona, tukigombana nani amechoka.

Basi natembea tena. Siyo kila siku. Siku za mvua nina visingizio vizuri kabisa. Asubuhi nyingine miguu inagoma, naiambia tufike kona tu, na tukifika inakuwa imesahau ugomvi. Daktari anasema macho hayajarudi yalivyokuwa, ila hayajashuka zaidi. Nguo nyeusi sipokei tena, uzi wake siuoni, ila za rangi nashona.

Wiki iliyopita nililipita tangi, nikashuka upande wa pili, mitaa ambayo kaka yako hakuwahi kusoma mita hata moja. Hakuna geti linalomjua. Nilimkosa huko kuliko mahali popote, Kiroboto, nilimkosa mpaka nikataka kurudi. Nikaenda hivyohivyo mpaka barabara ilipoishia.

Sina jipya la kaka yako, na sitakutungia. Kuanzia sasa nitakuwa nakuletea yangu tu: nilikopita, nilichokula, nani kanichosha. Kama hayo yatatosha, usiache kuniandikia. Na ukiwa unatembea huko, unapomkumbuka yeye, nikumbuke na mimi.

Wifi yako