Ini la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Machinjioni tangu alfajiri, kuosha utumbo. Nimejisugua kwa sabuni ya kufulia, bado nanuka. Leo mkaguzi kapasua ini la ng'ombe, kalikuta limekakamaa, vinundu vitupu. Kalitupa kwenye pipa. Mwenzetu mmoja, tunamwita Kisu Butu, kadakia kwamba huyo ng'ombe alikuwa mlevi. Wote wakaangua kicheko. Mimi nikatoka nje kutapika.

Mke wangu hajaonja pombe hata tone. Ini lake lina makovu tangu usichana. Sasa ana mimba ya miezi mitano.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia mke wangu, yuko nyumbani kwa mama. Kumbe hanywi dawa! Mama yangu kazificha, eti vidonge vitamlemaza mtoto. Badala yake anamlisha maini, asubuhi na jioni — ini likajenge ini! Akikataa, mama ananuna.

Na daktari alisema mbele ya mama huyohuyo: dawa zisiachwe, zikiachwa ndiyo hatari kwa wote wawili. Tena ateremshiwe mpira wenye kamera kooni, mishipa iliyovimba ifungwe kabla haijapasuka. Mama akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Unafiki! Huko kwenye mpira hawajakwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Shikamoo mama, marahaba mwanangu — kisha vita. Yeye kazaa saba bila kidonge. Nikamwambia ulizaa na ini zima, mama. Akauliza tangu lini kuosha mavi ya ng'ombe kumenifanya daktari. Akakata.

Dada anasema wifi yake kanenepa, ila macho yana umanjano kidogo. Kanenepa! Na mguu, anasema, ukiubonyeza panabaki shimo. Kunenepa gani huko?

Nimeomba ruhusa niende nyumbani. Nyapara kauliza mwenye mimba ni mkeo au wewe. Meno yake machafu, mdomo mchafu zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna anayepokea simu. Kinyaa tu. Cha nyama, cha watu, cha mama yangu mzazi — Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Machi

Mama kapiga mwenyewe. Katapika mkeo, mimba hizo, usihangaike. Nikauliza rangi gani. Nyeusi, kama machicha ya kahawa. Ni yale maini, mwanangu, hayakushuka vizuri.

Nyuma yake dada akapiga kelele: maini gani, mama? Hajatia kitu mdomoni tangu jana!



Nikamwambia, mama, hiyo ni damu. Mpeleke hospitali sasa hivi. Hakubisha. Mama yangu, hakubisha! Hapo ndipo nikaogopa.

Simu haijakatwa. Naandika nisije nikapiga mayowe, kuta za hapa ni mbao. Nasikia mlango. Mama anamwita jirani alete gari. Dada anamwambia mama, mshike wifi kichwa, mlaze ubavu. Mke wangu simsikii. Namwita, simsikii. Dada kachukua simu. Anasema gari limefika, lakini wifi hapumui tena.