Wimbi la Bi Mwanakombo

Jumatatu, 8 Septemba
Vichwa vinne leo maabarani. Jeli ya kubandikia nyaya imenijaa kuchani. Kazi ile ile: mlio mdogo, mlio mkubwa, kompyuta inachora umeme wa ubongo. Daktari mwenye utafiti anataka kuonyesha kwamba kemikali ya serotonini ikipungua, wimbi la umeme huo hupanda kwa kasi kila mlio unapokazwa.

Wa mwisho Bi Mwanakombo, mwalimu wa madrasa kutoka Jomvu Kuu. Anameza dawa za sonona, za kuongeza serotonini, tangu afiwe na mumewe. Wimbi lake halikupanda. Daktari akamwambia aache dawa wiki moja, "tuuone ubongo wenyewe." Fomu aliyotia sahihi haisemi hivyo. Mimi ndiye niliyemsomea. Nilinyamaza. Najichukia.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimempigia simu Bi Mwanakombo. "Kijiko kikigusa sufuria, mwanangu, nahisi kimenigonga jino." Hajalala siku mbili.

Nikamweleza Daktari. Alikuwa anakula mahamri, mafuta kidevuni. Akasema ni dalili nzuri. Akanisogezea sahani. Kinyaa.

Jumatatu, 15 Septemba
Ameletwa na bintiye, kashikwa mkono. Nimemwamkia shikamoo, hakuitikia. Kwa mtu wa Jomvu hilo si jambo dogo.

Wimbi lilipanda mpaka juu ya skrini. Daktari akapiga makofi. Bi Mwanakombo alikuwa analia, kimya, mikono mapajani. Nikamvua visikizio vya masikioni.

"Kipimo hakijaisha," Daktari akasema.

Nikamwambia kimekwisha. Nikabandua nyaya moja moja. Nikampeleka mwenyewe kwa tabibu aliyemwandikia dawa.

Jumanne, 16 Septemba
Daktari ameahidi kutia jina langu kwenye makala yake. Kaniwekea mkono begani. Nimeoga mara mbili, bado nausikia.

Nimeiandikia barua kamati ya maadili. Kosa langu pia nimelitia: nilijua, nikanyamaza wiki nzima.

Ijumaa, 26 Septemba
Utafiti umesimamishwa. Nami nimeambiwa nikae nyumbani Utange mpaka niitwe. Sawa.

Jumapili, 28 Septemba
Nimekwenda Jomvu Kuu kwa Bi Mwanakombo. Amerudia dawa, ameanza kulala. Nikamweleza yote.

"Ulijua siku ile ya kwanza?"

"Nilijua, mama."

Akasogeza ungo katikati yetu. Tukachagua mchele mpaka adhana ya alasiri. Sikumuuliza kama amenisamehe.