Shukrani Niliyokataa Kutoa

Kwako wajina wangu, Wambui mdogo,

Ulikuwa hujajua kusoma, wala hata kulitamka jina letu sawasawa. Ulijiita Mbui, na mimi pia ukaniita Mbui, na baba yako akacheka akisema nyumba hii ina Mbui wawili na wote ni wakaidi. Kwa hivyo barua hii naiandika nikijua watakaoisoma ni wengine. Wacha waisome.

Kwetu binti wa kwanza wa mwanangu huchukua jina langu. Ndiyo maana siku tuliyokuzika hapa Dundori, mchungaji alipomtaja marehemu, nilisikia jina langu likiitwa juu ya kaburi, nami nimesimama hapo mzima. Sikulia. Nilikasirika. Hata sasa sijamaliza kukasirika, na nataka kukwambia kwa nini.

Wajua asubuhi zetu za ukungu, nikikufunga mgongoni kwa leso, na juu yake sweta kubwa ya babu yako, tunaenda kukamua. Ulikuwa unamsalimia ng'ombe kabla hujanisalimia mimi. Kiazi cha kuchemsha ulikishika kwa mikono miwili, chumvi mpaka kwenye kope. Na kanisani wakianza tu kupiga kayamba, ulishuka mapajani mwangu ukaenda mbele kucheza, mpaka mchungaji akasahau alikuwa amefika wapi. Akina mama wakasema, "Huyu ni shosho yake mtupu!" Nami nyanya yake nikaringa, Mungu anisamehe.

Halafu ikaja ile baridi ya Julai. Nyumba yetu ilikuwa imejaa, maana shangazi zako walikuwa wametoroka vita vya Januari, vile vya baada ya uchaguzi, wakaja na watoto wao, na tukikohoa tulikohoa wote. Wengine walipona. Wewe kikohozi kilishuka kifuani. Nilikuona unahema mbiombio, mbavu zinavutwa ndani, pua zinapanuka. Mama yako hakungoja, wala hakuanza na mambo ya kukupaka mafuta. Siku hiyo hiyo tukawa tumefika hospitali kule Nakuru mjini. Wakakuwekea hewa, wakakudunga sindano za dawa. Ulinishika kidole ukasema, "Mbui, twende." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu.

Daktari aliyekutibu, msichana mdogo tu, alikuja akaketi nasi kwenye benchi nje ya wodi. Nikamwuliza, "Daktari, tulikosea wapi? Huyu amechanjwa zote, hakukosa hata moja."

"Shosho, hamkukosea. Nimonia huletwa na vijidudu vingi. Kuna kimoja ambacho hizo chanjo zetu hukizuia. Kuna kingine, na nafikiri ndicho kilimshika huyu, chanjo yake ipo, lakini ya serikali haijafika. Kwa sasa ni ya kununua."

"Kununua wapi? Ng'ambo?"

"Hata hapa Nakuru, kwa kliniki za kibinafsi."

"Na kuna watoto wanachanjwa?"

Akaangalia chini. "Wa wenye uwezo, shosho."

Hakuapa kwamba ingekuokoa. Alisema ingekupa nafasi. Nafasi, wajina. Hilo neno nimetembea nalo kama kijiwe ndani ya kiatu.

Nyumbani watu walikuja na sukari na mkate, wakasema Mungu alikupenda zaidi, wakasema ni mapenzi yake. Niliwanyamazia, kwa sababu walikuja kwa upendo. Lakini unajua desturi ya kanisa letu. Baada ya mazishi familia hurudi na kapu la shukrani, husimama mbele, na mkubwa wa nyumba humshukuru Mungu kwa yote yaliyotokea. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama. Hayo maneno nimewafundisha wafiwa wengi. Tulibeba viazi na jogoo, mchungaji akaniambia, "Mama, neno fupi tu."

Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa Wambui. Namshukuru kwa kila siku tuliyokaa naye. Kwa kifo chake sitamshukuru, kwa sababu hiyo si kazi yake. Mungu amewapa watu akili, wametengeneza chanjo. Chanjo imefika kwa watoto wa wenye pesa ikasimama hapo. Aliyeisimamisha si Mungu. Tuache kumsingizia."

Mama Njoki, katibu wangu, akanivuta sketi. "Kaa chini, unatuaibisha!"

Mzee mmoja akaita kutoka nyuma, "Mwacheni! Ng'ombe wangu wamechanjwa juzi pale kwa josho, na daktari wa mifugo nilimpata hapo ananingoja!"

"Mzee, hapa ni kanisani!"

"Kwani ng'ombe ni wa nani? Si wa Mungu?"

Watu wakacheka, hata baba yako, ambaye sikuwa nimeona meno yake tangu mazishi. Mchungaji hakucheka.

Wiki hiyo wazee wa kanisa walikuja hapa nyumbani. Nikawapikia chai. Wakaniambia Jumapili ya ushirika nipige magoti mbele ya watu nitubu. Nikikataa nitawekwa kando: sitaikaribia meza ya Bwana, na uenyekiti niuache.

"Nimesema uongo gani?" nikauliza.

"Si uongo, mama. Ni vile ulisema."

"Basi nifundisheni vile ukweli husemwa. Mimi shule sikwenda sana."

Wakamaliza chai, wakaaga.

Wajina, naipenda hiyo meza. Nimekula hapo tangu nikiwa msichana, na kuikosa kutaniuma kuliko wanavyodhani. Lakini mama yako ana mimba tena. Akishika tumbo huniangalia. Nimuombee nini, nikishakubali kwamba kilichokuchukua ni mapenzi ya Mungu na hakuna mlango wa kubisha hodi? Kila mama mwenye mtoto mchanga namwambia apeleke mtoto kliniki, amalize chanjo zote zilizopo, kisha amwulize nesi ile nyingine itakuja lini. Mimi mwenyewe huenda kuuliza. Nesi aliniambia, "Shosho, ukirudi tena na hilo swali nitakuandika kazi." Nikamwambia anitafutie kiti.

Ushirika ni keshokutwa. Nitakwenda. Nitapiga magoti, kwa sababu magoti yangu ni ya Mungu na hakuna mzee wa kunilazimisha. Mchungaji akiniuliza kama natubu, nitasema hapana, kwa sauti ya kufika mlangoni. Kisha nitabaki hapo hapo chini. Wakitaka, wapitishe mkate juu ya kichwa changu.

Pumzika, mama. Huku niachie mimi.

Shosho wako,
mama ya baba yako